Jurassic World Rebirth: Filamu Iliyowachoka Dinosaria Wake

Nikiri mapema kwamba niliikalia Jurassic World Rebirth nikiwa na matarajio ambayo pengine si haki kuibebesha filamu ya burudani. Mimi ni mtu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 bandari ya mji huu ilipitisha takriban tani 250 za mifupa ya dinosaria, iliyochimbwa chini ya msafara wa Wajerumani katika kilima cha Tendaguru, ikabebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi pwani, ikapakiwa melini kwenda Berlin, na huko ndiko iliko hadi leo. Mtu aliyekua akisikia habari hizo haitazami filamu ya dinosaria kwa utulivu wa mtu anayetazama filamu ya mbio za magari, kwa kuwa anaona kama yanayozungumzwa ni mambo ya kwao. Msomaji azipime lawama zangu akijua zinatoka wapi, na ajue pia kwamba nitaeleza mambo yanayotokea hadi mwisho wa filamu.

Kwa maandishi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Hii ni filamu ya saba katika mfululizo ulioanza mwaka 1993, na ilitoka Julai 2025. Mwandishi wake ni David Koepp, ambaye alishiriki kuandika ile ya kwanza, na mwongozaji ni Gareth Edwards, ambaye katika Godzilla ya mwaka 2014 alionyesha kwamba anajua siri ya kumfanya mnyama mkubwa aonekane mkubwa kweli, yaani kumficha kwanza. Waigizaji wakuu ni Scarlett Johansson, Mahershala Ali na Jonathan Bailey, na hakuna kati yao anayehitaji kutetewa na mimi. Nilisema moyoni kwamba baada ya sehemu ya sita ya mwaka 2022, ambayo iliwaacha dinosaria kando ikatushughulisha kwa muda mrefu na nzige wakubwa wanaokula mashamba ya mahindi, safari hii waandaaji wamejirudi.

Ile ya kwanza niliiona nikiwa mtoto, katika kibanda umiza kilichokuwa na mabenchi ya mbao, kanda ya video iliyochakaa na jenereta lililonguruma nyuma ya ukuta wa makuti. Kijana mwenye kibanda alisimama kando ya runinga na kutufasiria kwa sauti kila kilichosemwa, na pengine hata kisichosemwa. Ilipofika ile sehemu ambapo mtaalamu wa visukuku anamgeuza mwenzake kichwa kwa mkono ili naye aone alichokiona, na yule mnyama mwenye shingo ndefu akajitokeza uwandani akitafuna majani ya juu ya mti, mfasiri wetu alikosa jina. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Huyu sasa ni twiga wa Wazungu.” Kibanda kizima kilicheka.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kijana yule alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyodhani. Mifupa ya kwanza ya Brachiosaurus, yaani yule mnyama mwenye shingo ndefu, ilipatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900, lakini haikuwa kamili, na aliyetaka kujua mnyama wa namna hiyo alionekanaje kutoka kichwani hadi mkiani alilazimika kuitazama mifupa ya Tendaguru. Mifupa hiyo iliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na baadaye wataalamu wakaitenga na ile ya Marekani wakaipa jina la Giraffatitan, maana yake twiga jitu. Kiunzi chake kimesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kikiwa na kimo cha mita 13.27. Kwa hiyo yule “twiga wa Wazungu” tuliyemshangaa kwenye mabenchi yale alikuwa, kwa sehemu kubwa ya sura yake, twiga wa Wamwera, watu wa huku kwetu, na Wazungu walikuwa wamembeba tu.

Naeleza haya kwa sababu nguvu ya filamu ile ilikuwa katika kushangaa. Ina urefu wa saa mbili na zaidi kidogo, lakini dinosaria wenyewe wanaonekana kwa dakika kama 15 tu. Muda uliobaki ni wa kuwangoja, kuwasikia, kuona maji yakitetemeka katika gilasi. Watu walioko ndani ya filamu wanashangaa kwanza, nasi tunashangaa kupitia macho yao.

Rebirth inaanza kwa kutuambia kwamba mshangao umekwisha. Miaka mitano imepita tangu matukio ya sehemu ya sita. Hali ya hewa ya dunia ya leo imewashinda dinosaria wengi, na waliobaki wanaishi karibu na ikweta tu. Mjini New York mnyama mkubwa mwenye shingo ndefu, mgonjwa, ameanguka karibu na barabara, na madereva wanachokasirikia ni foleni. Jumba la makumbusho anakofanya kazi Dakta Henry Loomis, mhusika anayeigizwa na Bailey, linaondoa maonyesho yake ya dinosaria kwa sababu wageni hawaji tena. Hoja inarudiwa mara kadhaa ili isimpite mtu: watu wamewachoka.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini hapa ndipo kosa kubwa la filamu lilipo, kwa sababu waandaaji wameyachukua mashaka yao wenyewe kuhusu soko wakayavisha walimwengu wote. Ni kama mwenye hoteli anayemwambia mteja, kabla hajaagiza, kwamba pweza wa nazi siku hizi haliwi. Nani amechoka? Niliitazama filamu hii nyumbani, Mtanda, pamoja na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11, tukiwa na sinia la ming'oko ya kuchemsha, chumvi na pilipili. Mtoto huyu amezaliwa na anasoma katika mkoa ambao umetoa baadhi ya visukuku mashuhuri zaidi vya dinosaria duniani, na hajawahi kuona mfupa mmoja wa dinosaria kwa macho yake. Loomis alipokuwa akihuzunika kwamba maonyesho yake yanafungwa kwa kukosa watazamaji, mpwa wangu aliacha kumenya akauliza: “Mjomba, kwani hiyo mifupa wanaipeleka wapi sasa?” Aliuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kujua iwapo inaweza kuletwa.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi. Baada ya kuelezwa kwamba dinosaria wamebaki kwenye ukanda wa ikweta na kwamba serikali za dunia zimepiga marufuku watu kuingia huko, aligeuka akaniuliza kama sisi hatuko karibu na ikweta. Lindi iko nyuzi 10 kusini, na mpaka wa kaskazini wa Tanzania unaanzia nyuzi moja tu kutoka kwenye mstari wenyewe. Nilimjibu kwamba tuko karibu, ndiyo. “Basi wamo huku kwetu,” akasema, akatulia kusubiri waonyeshwe.

Hawakuonyeshwa. Filamu inachora mstari kuzunguka sehemu ya dunia yenye Kampala, Kisangani, Quito na Singapore, inasema huko hakuendeki, kisha inatupeleka kwenye kisiwa cha kubuni cha Atlantiki ambako hakuna hata mkazi mmoja. Mamilioni ya watu wanaoishi katika ukanda huo wamefutwa bila sentensi moja ya maelezo. Siombi filamu ya Kimarekani iigizwe Kilwa Masoko. Ninachosema ni kwamba wazo lenyewe, dinosaria kuishi pamoja na watu wa nchi za joto, wanaolima, wanaovua, ambao tayari wanajua maana ya kuishi jirani na tembo anayeingia shambani usiku, ni wazo bora kuliko lolote lililomo ndani ya filamu, na waandaaji walilishika mkononi wakalitupa ili wabaki na msitu mtupu. Mtu wa Liwale angewaeleza mengi kuhusu kulala macho shambani.

Badala yake tumepewa kazi ya kukusanya vitu vitatu. Kampuni ya dawa inataka damu ya wanyama watatu wakubwa kuliko wote, mmoja wa majini, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa angani, ili itengeneze dawa ya ugonjwa wa moyo. Zora Bennett, anayeigizwa na Johansson, anakodiwa kuongoza kazi hiyo. Duncan Kincaid, anayeigizwa na Ali, anatoa boti huko Suriname. Loomis anakwenda kama mtaalamu. Na mwakilishi wa kampuni anakwenda kama mtu ambaye unajua tangu dakika ya kwanza kwamba ataliwa. Ukishajua kwamba sampuli ni tatu, unajua pia filamu itakwendaje: bahari, bonde, mwamba, kisha mbio za kurudi. Ni mpangilio wa mchezo wa kompyuta, ambapo ukimaliza hatua moja unafunguliwa inayofuata. Kila mara mshale unapomchoma mnyama, kichupa cha damu kinafyatuka na kushuka kwa mwavuli mdogo, jambo ambalo mara ya kwanza linapendeza na mara ya pili linakumbusha orodha ya manunuzi.

Haki itendeke, hata hivyo, kwa yaliyo mazuri, maana yapo na ni mazuri kweli.

Familia moja iliyookolewa baharini baada ya chombo chao kupinduliwa, baba, binti zake wawili na mchumba wa binti mkubwa, inafika kando ya mto na kukuta boti la kujaza upepo. Umbali mfupi kutoka hapo amelala T. rex, ameshiba, pumzi yake inapanda na kushuka. Binti analifuata boti taratibu, na Edwards anatuacha tutazame bila muziki wa kutushika mkono. Mnyama anaamka, anatoweka machoni petu, na tunajua tu kwamba yuko mahali fulani na ana kiu. Sehemu hii inatokana na tukio lililokuwa katika riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990 ambalo filamu ya kwanza haikuliingiza, na inaonekana wazi kwamba imetoka katika akili iliyowaza hofu kwa utaratibu. Mpwa wangu alikuwa ametia kipande cha ming'oko mdomoni kabla mnyama hajaamka; alikitafuna baada ya boti kupita kwenye miamba. Sijui kipimo kingine bora cha filamu ya kutisha.

Sehemu nyingine ni ya bondeni. Loomis na wenzake wanapita katika nyasi ndefu, na pole pole wanatambua kwamba wamezungukwa na wanyama wakubwa ajabu, wenye mikia mirefu kama mijeledi, wawili wao wakibembelezana kwa shingo. Muziki wa John Williams wa mwaka 1993 unaingia kwa upole. Loomis anamgusa mmoja mguuni na macho yanamlenga machozi. Kwa dakika hizo chache filamu inasahau kwamba ilikwisha kutuambia watu wamechoka; mtu mmoja anashangaa, nasi tunarudi kwenye mabenchi ya mbao.

Hata hapa nina manung'uniko. Wanyama hao filamu inawaita Titanosaurus, na kundi hilo la wanyama lina ndugu zake Tanzania, wenye majina ambayo mtoto wa Kitanzania hahitaji kamusi kuyaelewa. Mwaka 2017 wataalamu walimtaja Shingopana, kutoka Songwe, na mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyeitwa hivyo kwa sababu alipatikana kando ya mto Mtuka na pingili mojawapo ya mkia wake ina umbo la moyo. Filamu nzima inatafuta dawa ya moyo katika damu ya jitu, na lipo jitu halisi lenye moyo mkiani! Mwaka huohuo wa 2019 mifupa ya mkia ya mnyama mwingine wa Tendaguru ilipewa jina la Wamweracaudia, yaani mkia wa Wamwera. Nilipomtajia mpwa wangu majina haya alidhani nayabuni. Kesho yake asubuhi alinitaka nimwonyeshe mita 13.27 ni ngapi. Tukachukua kamba, tukaipima kwa rula yake ya shule, tukaitandaza uani, ikavuka ua, ikapita njia, ikaishia chini ya mwembe wa jirani, ambaye alitoka kuuliza kama tunapima kiwanja. Filamu inayoweza kumtuma mtoto nje na kamba si ya kudharauliwa. Inasikitisha tu kwamba waliotengeneza hawakuona kuwa hapo ndipo walipotakiwa kubaki.

Walikimbilia wapi? Kwenye kiumbe cha kutengenezwa. Kisiwa kile kilikuwa maabara ya majaribio yaliyoharibika, na kiumbe mkuu wa mwisho, Distortus rex, ni T. rex aliyeongezewa viungo na kuvimbishwa kichwa. Kuna pia wanyama warukao ambao ni mchanganyiko wa wawindaji wadogo na watambaazi wa kale wenye mabawa ya ngozi. Mantiki ya kibiashara naielewa, na mwaka 2015 mfululizo huu ulikwisha kuifanya kuwa sehemu ya hadithi, ambapo wenye bustani walitengeneza mnyama mpya kwa kuwa wageni walitaka meno mengi zaidi. Lakini wakati ule ilikuwa kejeli. Safari hii ni mpango wa kazi. Kiumbe huyu hana tabia. T. rex wa mtoni alikuwa na shibe, usingizi na kiu, na kwa hiyo tulimwogopa kama anavyoogopwa simba. Distortus rex anatokea gizani, ananguruma, anakula, anaondoka. Na anatoroka kwa sababu gani? Katika tukio la mwanzo kabisa, karatasi ya chokoleti inanyonywa kwenye mfumo wa mlango na ulinzi wa maabara nzima unaanguka. Nilidhani ni mzaha, nikangoja maelezo. Hayakuja.

Wahusika nao hawakupewa nafasi. Zora na Duncan wanasimuliana misiba yao kwenye boti, na waigizaji hawa wawili wanajitahidi, lakini maneno yamewekwa kama fomu inayojazwa: jina, kazi, aliyefariki. Ile familia ya mashua ina uhai zaidi, hasa mtoto mdogo na dinosaria mdogo anayemfuga njiani, ila hadithi yake haihitajiani na ya wale wengine hata kidogo. Zingetenganishwa zikawa filamu mbili na hakuna ambaye angeona pengo. Kuna kifo karibu na mwisho ambacho kingeipa filamu uzito, kwani Duncan anajitoa ili wengine waondoke. Dakika chache baadaye anaonekana akiwa hai. Sina chuki na Duncan, lakini machozi ya mtu yakishatolewa hayarudishwi kikombeni.

Na lile swali lililoubeba mfululizo wote, kama binadamu ana haki ya kumrudisha kiumbe aliyekwisha kutoweka na kisha kumfanya mali, limeguswa kwa mazungumzo ya pembeni kuhusu nani atamiliki dawa. Wahusika wanaamua iwe ya wote. Uamuzi mzuri, ila unafikiwa kwa urahisi mno, kama watu wanaochagua mahali pa kula chakula cha mchana. Hapa pia mtu wa Lindi anapata kigugumizi, kwa sababu suala la nani anamiliki mnyama aliyechimbwa katika ardhi ya mwingine limekuwa likijadiliwa nchini kwetu kwa miaka, na si jepesi hivyo.

Kwa mwenye kutaka kujua kama anunue au aache, ushauri wangu ni huu. Picha ni nzuri, sauti ni nzuri zaidi, na anayeweza kuitazama kwenye skrini kubwa asiitazame kwenye simu, maana bonde lile litampotea. Watoto wadogo sana wasiletwe. Tukio la mwanzo ni la kutisha kuliko linavyohitaji kuwa. Katika mizani ya nyota tano naipa mbili na nusu, na ile nusu ni ya mto.

Sisi hatukuimaliza siku ile. Distortus rex alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuwafukuza watu kwenye mahandaki ya kituo pale umeme ulipokatika mtaa mzima, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyeguna. Tulikaa gizani tukamalizia ming'oko. Uliporudi, baada ya kama nusu saa, nilimuuliza mpwa wangu kama tuendelee tulipoishia. Alichukua kidhibiti, akairudisha filamu nyuma, akapita kiumbe, akapita mwamba na viota vyake, hadi pale mnyama alipolala kando ya mto, akaiachia hapo. Sehemu iliyobaki niliimalizia peke yangu siku iliyofuata.